Somo: Habari hupitia mikono ya nani?

Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza kwa nini hutuma taarifa ya mradi gazetini na haitoki, au inatoka mistari minne tu, tena ile sehemu waliyoiona muhimu haimo. Tumeona vema tujibu kwa njia ya somo, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kuingia katika chumba cha habari.

Habari ni jambo jipya, la kweli, linalogusa maisha ya watu. "Kamati ilikaa kikao" si habari, maana kamati hukaa vikao kila mara. Lakini kikao kikiamua kwamba kuanzia mwezi ujao kila ndoo ya maji italipiwa, hapo pana habari. Mama anayechota maji anaihitaji kabla mwezi haujaanza.

Katika gazeti la kila siku, kazi huanza asubuhi kwa kikao cha wahariri, ambapo hupangwa nani aende wapi. Mwandishi huenda, huuliza, hurudi na kuandika. Mhariri husoma, humrudishia maswali, hukata. Msanifu hupanga kurasa, na likiingia tangazo la kulipiwa nafasi ya habari hupungua. Usiku kurasa huenda mtamboni, kisha vifurushi hupakiwa kwenye magari ya mikoani. Kwa hiyo taarifa inayofika jioni imekuta meza imejaa, hata iwe nzuri namna gani.

Mwandishi hufundishwa kujibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Majibu mazito huwekwa mwanzoni, kwa sababu nafasi ikipungua mhariri hukata kuanzia mwisho. Sisi hufanya kinyume. Tunaanza na mgeni rasmi alivyowasili saa nne, kwaya ikamwimbia, risala ikasomwa, chakula kikaliwa. Kisima chenyewe kinatokea aya ya saba. Mhariri akikata chini, anabaki na kwaya.

Jambo gumu zaidi ni uhakiki, na hapa tuseme kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika katika jarida hili kwamba kisima cha kijiji kimoja kimekamilika na kinahudumia kaya 300. Habari hiyo tuliipata kwa simu kutoka kwa mtu aliyeambiwa na mwingine. Mfadhili aliyesoma alipita kijijini, akakuta akina mama bado wanafukua mchanga mtoni. Shimo lilikuwa limechimbwa, lakini pampu ilikuwa bado stoo. Na zile kaya 300? Ilikuwa idadi ya kwenye andiko la mradi, yaani tuliyoitarajia, tukaichapa kana kwamba tumeihesabu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ila hakuna aliyeuliza, "Wewe umeona kwa macho yako?" Toleo lililofuata tulichapa masahihisho, lakini kamati ya kijiji kile ilibebeshwa lawama ambayo ilikuwa yetu.

Mwandishi makini huuliza swali hilo kila mara, kisha hutafuta mtu wa pili asiye na faida katika jibu. Pakiwa na tuhuma, kwa mfano fedha za mradi kupotea, humtafuta anayetuhumiwa kabla ya kuchapa. Kwa hiyo akipiga simu kwa mweka hazina wenu, msimwone adui. Kukataa kujibu hakuzuii habari kutoka, huitoa bila maelezo yenu. Ikitoka na makosa, mwandikieni mhariri kwanza mkidai masahihisho. Kwa Tanzania, lipo pia Baraza la Habari lililoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, ambalo husikiliza malalamiko ya namna hiyo.

Kuhusu bahasha: kumpa mwandishi fedha ili aandike vizuri ni kununua sifa, na msomaji hajui kwamba imenunuliwa. Akikosa usafiri wa kufika kijijini, mpeni nafasi katika gari linalokwenda, na mwacheni azungumze na amtakaye.

Kazi hii si ngeni kwa makanisa ya pande hizi. Gazeti la Kiswahili la Msimulizi lilitolewa na misheni ya UMCA huko Kiungani, Zanzibar, kuanzia mwaka 1888, likichapa habari za vituo vya misheni.

Kwa toleo lijalo, tunaomba kila kamati itume ukurasa mmoja usiozidi. Sentensi ya kwanza iseme kilichobadilika kijijini. Kila idadi ionyeshe kama imehesabiwa au inatarajiwa, na nani aliyehesabu. Taarifa isiyo na maelezo hayo tutairudisha kwa kamati kabla ya kuichapa.