Turbo ya Bei Nafuu Nairobi: Injini Kwanza, Turbo Baadaye

Gari lililokuwa na nguvu Mombasa hufika Nairobi likiwa limepoa, na injini haina kosa. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Mwenye Probox anayepakia mboga Wangige alfajiri kuzileta Kawangware anaijua hasara hiyo kila anapokuta mlima. Turbo huirudisha hewa iliyokosekana. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha feni moja; feni hiyo imeshikana kwa shafti na nyingine, na hiyo nyingine hushindilia hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905. Kenya iliona kazi yake mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda Safari Rally kwa Toyota Celica yenye turbo.

Vijana wenye magari, wa Kibera kwa wa Kawangware, huanza kwa kuuliza turbo rahisi inauzwa wapi. Heri waanze kwa kuuliza kama injini waliyo nayo itaimudu. Probox na Vitz nyingi za cc 1,500 zina injini ya 1NZ-FE, ambayo tangu kiwandani hubana hewa mara 10.5. Ukiongeza shinikizo juu ya hapo bila mpango, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, kisha pistoni hupasuka au konrodi hupinda. Injini ya Subaru EJ20 yenye turbo ilitengenezwa ibane kidogo, mara 8 au 9 hivi, ndiyo sababu inavumilia. Kwa hiyo anayetaka nguvu nyingi auze gari lake anunue lililotoka kiwandani na turbo. Atatumia pesa kidogo kuliko yule anayejenga upya. Anayetaka tu kupanda mlima na mzigo aridhike na shinikizo la turbo la psi 5 au 6.

Kabla ya kununua hata bolti moja, fundi apime kompresheni ya silinda zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, au gari likitoa moshi wa buluu, pesa za turbo ziende kwenye kufufua injini.

Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road utakuta turbo zilizotumika kutoka Japani, zikiwemo TD04 za Mitsubishi zilizofungwa kwenye Impreza na Forester, na pia mpya za kuigiza zisizo na jina. Kwangu mimi, ya zamani iliyo halisi inaishinda mpya isiyojulikana ilikotoka, mradi uikague wewe mwenyewe. Iombe mkononi. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukiisukuma ubavuni itacheza kidogo, na hilo ni sawa, kwa kuwa shafti huelea juu ya utando wa oili na hapo imekauka. Ukiivuta nje na kuisukuma ndani, usisikie chochote. Ikibisha, mrudishie mwenye duka. Izungushe polepole huku umeiegemeza upande mmoja, usikilize kama feni inakwaruza ganda lake. Kisha washa tochi ya simu utazame ncha za mapanga. Pengo la ukubwa wa punje ya mchele latosha kuikataa, maana feni hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Turbo nyingi zinazokufa mapema huuawa na oili. Mpira wa kupeleka oili uwe mpya na wa kuhimili joto. Bomba la kuirudisha liwe pana, lishuke moja kwa moja bila kona, liingie kwenye sampu juu ya kiwango cha oili, kwa sababu oili hurudi kwa uzito wake tu. Bomba likipinda, oili hujaa ndani ya turbo na kuvujia kwenye ekzosi yenye moto wa nyuzi 900, na hapo ndipo gari linaposhika moto. Siku ya kufunga, mimina oili safi kwenye tundu la turbo, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka oili ionekane ikirudi.

Mchomeleaji wa jua kali anaweza kukutengenezea manifoldi nzuri akitumia bomba nene la chuma. Usimruhusu atumie bati jembamba la sailensa. Litapasuka kwa joto. Chujio la hewa nalo lisikosekane hata siku moja. Vumbi la njia zisizo na lami hukwangua mapanga ya feni.

Sasa petroli, ambayo ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya bajeti. Hewa ikiongezeka, petroli nayo iongezeke: nozeli kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye nguvu, na mtu mwenye kifaa cha kusoma moshi wa ekzosi arekebishe kompyuta ya gari. Turbo ikisukuma, uwiano uwe kama sehemu 12 za hewa kwa moja ya petroli. Fundi atakayekwambia gari litajirekebisha lenyewe, mshukuru uende kwingine. Intakula, yaani kipoza hewa, iwepo, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa huwa moto, na hewa moto huleta kugonga.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Hewa ya Nairobi ina shinikizo la psi 12 hivi, ile ya Mombasa 14.7. Ukiongeza psi 6, hapa injini inapata 18, kule inapata karibu 21. Gari lililorekebishwa Nairobi kwa petroli ya kubahatisha huteremka pwani Desemba likavuta hewa nzito, tena yenye joto, nozeli zikashindwa kufuata, na pistoni ikayeyuka njiani. Mwambie anayerekebisha aache nafasi ya pwani.

Ukibadilisha injini nzima, namba mpya iingizwe kwenye rekodi za mamlaka ya uchukuzi, NTSA, maana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka mabadiliko ya maelezo ya gari yaripotiwe. Kampuni ya bima nayo iambiwe kuhusu turbo, isije ikakataa kulipa baada ya ajali. Breki nazo zifanyiwe kazi wiki ile ile ya kufunga turbo.

Baada ya kufunga, endesha taratibu kilomita 500 za kwanza. Ukitoka mwendo mkali, iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Kilomita hizo zikiisha, mwaga oili, pasua chujio la oili la zamani, utandaze karatasi yake juani: ukiona chembe za chuma, turbo ifunguliwe kabla gari halijatoka garaji.