Jifunze Kupima Pawa Saplai ya Kompyuta Yako

Wakaazi wengi wa kaunti yetu hutafuta riziki kwa kompyuta ya mezani: wenye saiba, wapiga chapa, wapiga picha, walimu. Anayenunua mashine huuliza kuhusu kasi na nafasi ya kuhifadhi kazi. Ni wachache wanaouliza kuhusu pawa saplai, kile kisanduku cha bati chenye feni, pale nyuma ya mashine ambapo waya wa umeme huchomekwa. Hata hivyo, kisanduku hicho kinachangia bili yako ya umeme, joto la chumba chako na umri wa mashine yenyewe. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kukipima bila vifaa vya gharama.

Kazi yake

Umeme unaofika kwenye soketi zetu ni wa volti 240. Sehemu za ndani za kompyuta zinahitaji volti 12, 5 na 3.3. Pawa saplai ndiyo inayoubadilisha umeme huo, na katika kuubadilisha, sehemu yake hupotea na kuwa joto. Ufanisi ni kiasi cha umeme kinachofika ndani ya kompyuta ukilinganisha na kile kilichotoka ukutani.

Chukua mfano wa kompyuta inayohitaji wati 100. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70 itavuta wati 143 ukutani. Yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta wati 111. Tofauti ni wati 32, na inaonekana ndogo. Sasa weka kompyuta 10 kwenye saiba inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Tofauti hiyo inakuwa karibu uniti 83 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, kisha ujiulize kama ile pawa saplai ya bei rahisi ilikuwa rahisi kweli.

Kupima ufanisi

Maabara hupima umeme unaoingia na unaotoka. Wewe unaweza kulinganisha pawa saplai mbili kwa kutumia mita yako ya umeme. Mita nyingi zina taa ndogo inayomweka, na karibu nayo pameandikwa namba pamoja na imp/kWh. Namba hiyo ikiwa 1000, kila mmweko ni sehemu moja ya 1000 ya uniti.

1. Zima vitu vyote isipokuwa kompyuta na monita yake. Usisahau friji.
2. Cheza video moja kwa dakika 10 ili mashine ipate moto.
3. Hesabu mimweko kwa dakika 12, kisha zidisha kwa 5. Hizo ndizo wati zinazotumika.
4. Mwombe fundi abadilishe pawa saplai, kisha urudie kwa video ileile na mwanga uleule wa monita.

Mimweko ikipungua kwa 6, umeokoa takriban wati 30.

Dukani, tafuta alama ya 80 PLUS. Mpango huu ulianza mwaka 2004. Ili kupata alama ya msingi, pawa saplai ilitakiwa kufikisha ufanisi wa angalau asilimia 80 ikibebeshwa mzigo wa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Juu ya hapo kuna Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Alama inaweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo tafuta jina la modeli kwenye orodha ya mpango huo iliyo wazi kwenye intaneti. Pia usinunue ya wati 1000 kwa mashine inayohitaji 100, kwani ufanisi hushuka mzigo ukiwa mdogo mno.

Kupima joto

Baada ya nusu saa ya kazi, weka kipimajoto pale upepo wa feni unapotokea, kisha upime hewa ya chumba. Andika tofauti. Tofauti ikiongezeka mwezi hadi mwezi huku kazi ikiwa ileile, huenda vumbi limejaa au feni imechoka. Jambo hili si dogo: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Msimu wa kaskazi, usiiweke mashine ikaegemea ukuta wala kuifunika kitambaa.

Kupima kelele

Joto na kelele ni ndugu. Kisanduku kikipata moto, feni huongeza mbio. Pima kukiwa kimya, kwa programu ya desibeli ya simu, ukiwa umbali wa mita 1: kwanza mashine ikiwa imezimwa, halafu ikifanya kazi. Simu haitoi kipimo kamili, lakini inatosha kulinganisha. Sikiliza pia aina ya sauti. Mkwaruzo ni dalili ya feni iliyochakaa. Mlio mwembamba kama wa mbu mara nyingi ni kero tu. Ukisikia mpasuko au harufu ya kuungua, zima ukutani mara moja.

Tahadhari

Usiifungue pawa saplai. Kapasita zake huhifadhi umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Usiingize kijiti wala bisibisi kwenye feni. Ikiharibika, mpelekee fundi anayeijua kazi hiyo.

Zoezi

Wiki hii, pima kompyuta moja: wati, tofauti ya joto na desibeli. Andika matokeo na tarehe kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa mashine. Rudia baada ya miezi mitatu. Ukiona namba zimepanda, shughulikia mapema, kabla mashine haijazimika na kazi ya mteja ndani yake.