Chujio la Hewa kwa Gari la Turbo

Ndugu wanachama, pikapu ya kikundi ikiwa na turbo, mtu aweza kuwashawishi mfunge chujio la wazi ati gari lipate nguvu. Kabla ya kutoa pesa, fahamuni hili: turbo huvuta hewa kwa nguvu. Penye nafasi kati ya chujio na turbo, vumbi huingia, likala mapanga yake, kisha pistoni na silinda.

Mkiamua kulifunga:

1. Zimeni injini, ipoe.
2. Mkitoa la zamani, zibeni mdomo wa turbo kwa kitambaa safi. Nati ndogo ikiangukia humo, turbo imekwisha.
3. Wekeni chujio mbali na ekzosi, maana hewa moto hupunguza nguvu. Lisikae chini pia. Maji yakivutwa huvunja injini.
4. Toeni kitambaa, kazeni klipu zote.
5. Baada ya wiki, fungueni paipu, mpanguse ndani kwa kidole. Mkiona vumbi, kuna mwanya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ya kuzungumza kikundini: Je, chujio la kiwandani likiwa safi halitutoshi? Nani atalikagua kila wiki?