Taa Zinazopepesa: Kutafuta Hitilafu ya Waifai Kutoka Mbali

Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, ni mahali penye historia ya pekee. Makazi yake yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, wakiwamo wakazi wa Ulyankulu na Mishamo. Mahali kama hapo shule, zahanati na ofisi za kata zinahitaji mawasiliano sawasawa na zile za mjini, lakini fundi wa mitambo aghalabu hukaa Mpanda, Tabora au Dar es Salaam. Kifaa cha waifai kinapokwama, jambo la kwanza ni kujua kama ipo haja ya fundi kusafiri.

Makala haya yanaeleza namna mtu aliye mbali, kwa kutumia simu ya kawaida na macho ya mtu aliye mbele ya kifaa, anavyoweza kupunguza shaka hatua kwa hatua mpaka hitilafu ijulikane ilipo.

Taa husema nini

Kifaa cha waifai hupokea mawasiliano kutoka mnarani, kwenye mkongo au kwenye satelaiti, kisha huyasambaza kwa mawimbi ya redio kwa simu na kompyuta zilizo karibu. Usoni mwake huwa na taa ndogo. Kwa kawaida moja huonyesha umeme, nyingine njia ya kwenda nje, nyingine waya unaoingia katika kompyuta, na nyingine mawimbi ya waifai.

Taa inapopepesa, yaani inapowaka na kuzimika kwa kurudiarudia, wengi hudhani kuna ubaya. Sivyo daima. Katika vifaa vingi taa ya waifai au ya waya hupepesa kwa sababu ujumbe unapita, na kupepesa bila mpango maalumu huwa dalili ya afya. Kwa upande mwingine, taa ya umeme inayopepesa mara nyingi huonyesha kwamba kifaa bado kinajiandaa kuanza kazi, au kinabadilisha programu zake. Watengenezaji hawatumii ishara za namna moja; kwa hiyo hapana budi aina na namba ya kifaa, iliyoandikwa chini yake, isomwe kwanza, na fundi atafute maelezo yake.

Rangi nayo huleta utata. Taa ile ile mtu mmoja ataiita ya manjano, mwingine ya chungwa, na mwingine nyekundu. Tena wako watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa sababu hiyo fundi mwerevu haulizi rangi peke yake. Huuliza: taa ya ngapi kutoka kushoto? Imetulia au inapepesa? Inapepesa mara ngapi katika sekunde 10? Aidha, huomba aelezwe kinachoonekana, si kinachodhaniwa. Jibu la kwamba mtandao umekufa halimsaidii. Jibu la kwamba taa ya pili haiwaki kabisa linamsaidia sana.

Kanuni ya stesheni

Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda hupita Katumba, na reli ndiyo inayofundisha kanuni ya kazi hii. Zamani, waya wa simu ya maandishi uliofuata njia ya reli ulipokatika, haikuwa lazima kuukagua wote. Stesheni ziliitwa moja baada ya nyingine. Mahali palipoharibika palikuwa kati ya stesheni ya mwisho iliyojibu na ya kwanza iliyonyamaza.

Mawasiliano ya waifai nayo yana stesheni zake: chanzo cha umeme, kifaa chenyewe, waya au antena ya kwenda nje, kampuni inayotoa huduma, na mwisho anwani na majina ya tovuti. Fundi huziita kwa zamu.

Ikiwa taa ya umeme imetulia lakini taa ya njia ya kwenda nje haiwaki, waya uchomolewe, uchomekwe tena kwa nguvu, kisha ujaribiwe waya mwingine. Ikiwa hata waya mzima hauiwashi, tundu lenyewe huenda limeungua. Katika msimu wa mvua, ambao Katavi huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, radi inayopiga hata mbali kidogo huweza kuamsha msukumo mkubwa wa umeme katika waya mrefu na kuunguza tundu, hali ya kuwa sehemu nyingine za kifaa zimesalimika.

Ikiwa taa zote ni njema na bado tovuti hazifunguki, kompyuta iulizwe anwani yake. Anwani inayoanza na 169.254 mara nyingi humaanisha kwamba kompyuta haikupewa anwani na kifaa, ikajipa yenyewe. Basi tatizo li humo ndani. Inayoanza na 192.168 aghalabu huonyesha kwamba imepewa. Hapo hutumika programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss Desemba 1983, ambayo hupeleka ujumbe mfupi na kungoja mwangwi. Kwanza kiitwe kifaa chenyewe, kisha namba ya kompyuta iliyo nje, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisijibu, njia ni nzima. Kilichoharibika ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba.

Wanasayansi wa chombo cha Voyager 1 walifuata kanuni hiyo hiyo. Novemba 2023 chombo hicho, kilichokuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, kilianza kuleta ujumbe usiosomeka. Kila swali lilichukua zaidi ya saa 22 kufika, na jibu muda kama huo kurudi. Waliuliza, wakangoja, wakatenga sehemu moja baada ya nyingine, hata wakaiona chembe moja ya kumbukumbu iliyoharibika. Walihamishia programu mahali pengine, na Aprili 2024 chombo kikaanza tena kuleta taarifa zinazosomeka kuhusu hali yake.

Ugonjwa wa kuanza upya

Hitilafu moja hudanganya wengi: taa zote huwaka, hutulia kidogo, huzimika pamoja, kisha huanza upya. Mtu aliye mbele ya kifaa aombwe kuhesabu kwa saa muda wa kila mzunguko, mara tatu. Mizunguko ikiwa karibu sawa, kifaa kinajizima na kujiwasha chenyewe, na mtuhumiwa wa kwanza ni umeme.

Mfano ni kifaa kinachotumia betri ya sola ya volti 12 kwa waya wa shaba wa urefu wa mita 20, wenye eneo la mkato la milimita mraba 0.5. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo shaba yote ni mita 40, na ukinzani wake ni omu 1.4 hivi. Kifaa kinapoanza kuamka hutumia, tuseme, ampea 0.4, volti zinazopotea njiani ni 0.56. Betri iliyochoka usiku ikiwa na volti 11.8, kifaa hupata 11.24. Sasa redio ya waifai inawashwa na mkondo unafika ampea 1. Zinapotea volti 1.4, na kifaa hubaki na 10.4. Kama hakiwezi kufanya kazi chini ya volti 11, kitazimika. Kikizimika, volti hupanda, nacho huamka tena. Mzunguko huo hauna mwisho mpaka jua litoke na kuijaza betri.

Swali moja la simu hufichua hayo yote: je, mchana hupona? Jaribio nalo ni jepesi. Kifaa kisogezwe karibu na betri na kuungwa kwa waya mfupi, chanya na hasi zisibadilishane. Kikitulia, dawa ni waya mnene zaidi, wala si kifaa kipya.

Kitundu cha hatari

Nyuma ya vifaa vingi kipo kitundu chembamba cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Anayekata tamaa hukibonyeza kwa pini na kudhani ameponya. Kwa kweli amefuta jina la mtandao, neno la siri na maelekezo yote ya kampuni ya huduma. Hitilafu ya waya iliyohitaji dakika tano imegeuka kazi ya kumwita fundi, na pale ambapo fundi alikuwa akiingia katika kifaa kwa njia ya intaneti, njia hiyo nayo yaweza kuwa imefungwa. Kuzima na kuwasha kifaa ni jambo jingine, na halifuti kitu. Lakini hata hilo lifanyike baada ya taa kusomwa na kuandikwa, maana kikizimwa ushahidi hupotea. Kikiwa kinabadilisha programu zake, kisizimwe kabisa.

Inafaa basi kila kituo kiwe na daftari karibu na kifaa: aina na namba yake, mchoro wa taa zinavyokuwa siku njema, mipangilio yake, na tarehe ya kila hitilafu. Fundi aliye mbali hana macho mengine ila ya mtu wa kituoni, na macho hayo huona vizuri zaidi yakijua hali ya kawaida ilikuwaje.

Zoezi

Katika mfano wa hapo juu, waya ubadilishwe na kuwekwa wa milimita mraba 2.5. Je, kifaa kitapata volti ngapi redio ikiwa imewashwa? Msomaji akipata takriban 11.5, amekwisha kuelewa kwa nini kifaa hicho hakitazimika tena, ijapokuwa betri ni ile ile.