Mikono Kwanza, Kalamu Baadaye



Luka 2:52 yatukumbusha kwamba Bwana Yesu alikua kimo pamoja na hekima. Sisi twaitaka hekima upesi, na mwili twausahau.

Nilipoanza kufundisha, nilimchapa vidole mtoto wa miaka minne kwa sababu herufi zake zilipinda. Kosa lilikuwa langu. Nguvu za mtoto huanza shingoni, mabegani na kiunoni. Vidole hufuata mwisho. Wengi huweza kuchora duara wakiwa na miaka 3, msalaba miaka 4, pembetatu miaka 5. Asiyeweza pembetatu ataandikaje A?

Basi tumwandae kwa michezo:
1. Miaka 3: afinyange udongo, apande ngazi.
2. Miaka 4: adake mpira, achambue maharage.
3. Miaka 5: aruke kwa mguu mmoja, akate karatasi kwa mkasi.

Mtoto asiyetembea peke yake akitimiza miezi 18 apelekwe kliniki, asifichwe nyumbani.

Zoezi: Jumapili hii mwacheni mtoto afunge vifungo vyake mwenyewe, hata mkichelewa wimbo wa kwanza.