Sakramenti Haingoji Mbuzi

Misheni ya Peramiho, wilayani Songea, ilianzishwa na Wamisionari Wabenediktini mwaka 1898. Leo vijiji vingi vya huko vina Wakatoliki. Parokia moja huwa na vigango kadhaa, na kila kigango kina katekista wake. Padre hufika kwa zamu. Siku anapokuja kubatiza, au askofu anapokuja kutoa kipaimara, kijiji kizima huchangamka. Ngoma hulia, vigelegele hupigwa, na watu hula pamoja.

Furaha hiyo ni njema. Lakini karamu ikizidi uwezo, huleta njaa.

Hesabu ya karamu moja

Tuchukue mfano wa baba mmoja na mama mmoja. Mwezi wa Julai walivuna magunia 10 ya mahindi. Nyumba yao hula gunia moja kwa mwezi. Chakula kingetosha mpaka mwisho wa Aprili, wakati mahindi mabichi yamekwisha anza kuliwa.

Mwezi huo huo mtoto wao mkubwa alipokea Komunyo ya kwanza. Gunia 1 lilipikwa pombe. Gunia 1 lilisagwa kwa ugali wa wageni. Magunia 2 yaliuzwa, wakanunua mbuzi, mchele na nguo nyeupe. Yalibaki magunia 6. Yalikwisha Desemba.

Januari ni wakati wa palizi. Baba alikwenda kufanya kibarua katika shamba la jirani ili apate unga. Shamba lake likamezwa na magugu. Mavuno yaliyofuata yalikuwa magunia 7 tu.

Binti yao mdogo alifikia umri wa miaka mitatu bila kubatizwa. Katekista alimwuliza mama sababu. Mama alijibu kwa aibu, "Tunangoja mbuzi, mwalimu."

Sheria ya Kanisa inasemaje?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi wahakikishe kwamba mtoto mchanga anabatizwa katika majuma ya kwanza. Inasema pia kwamba mtoa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa, na kwamba maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Ubatizo unahitaji maji na maneno yake, pamoja na wazazi walio tayari kumlea mtoto katika imani. Inafaa awepo pia msimamizi aliyekwisha pata kipaimara. Kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Mbuzi hatajwi.

Tufanye nini?

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliazimia kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya hizo zinaweza kutusaidia hapa. Nyumba kumi zikikaa pamoja zinaweza kupatana hivi:

1. Watoto wote wabatizwe siku moja, na karamu iwe moja.
2. Kila nyumba ilete kisado cha unga na maharage kidogo.
3. Watu wanywe togwa. Akiba ya chakula isipikwe pombe.
4. Asiye na kitu aje na kuni au maji. Asichekwe.

Hata wenzetu wa dini nyingine wana karamu zao. Hesabu ni ile ile.

Soma daftari mwenyewe

Baada ya ubatizo, parokia huandika katika daftari jina la mtoto, majina ya wazazi na wasimamizi, mahali na tarehe ya kuzaliwa, na mahali na tarehe ya ubatizo. Baadaye kipaimara na ndoa huandikwa hapo hapo. Jina likikosewa leo, mtoto atapata taabu siku ya kufunga ndoa. Zamani tuliitikia tu. Sasa umejua kusoma. Omba uonyeshwe, soma polepole, na sahihisha kosa mapema. Kumbuka pia kwamba cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Hicho hutolewa na Serikali.

Maswali

1. Wazazi wale walitumia magunia mangapi kwa karamu?
2. Kwa nini mavuno yao yalipungua?
3. Ni mambo gani huandikwa katika daftari la ubatizo?

Jadilianeni

Karamu ya mwisho kijijini kwenu iligharimu nini? Andikeni hesabu yake ubaoni. Nani alibaki na njaa?