Macho Hayana Pazia: Kamera ya Jirani, Njia ya Wote na Dhana ya Stara katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali ambalo limezuka katika mitaa yetu ya mijini: je, jirani anayetundika kamera ukutani mwake na kuielekeza kwenye njia ipitwayo na watu wote anamkosea yeyote? Swali hili tunalitazama kupitia msamiati wa Kiswahili, mjengo wa nyumba za Lamu, methali na sheria. Hoja yetu ni kwamba neno faragha, ambalo ndilo linalotumika sana katika mijadala ya haki, halitoshi kulijibu. Kiswahili kina dhana nyingine, stara, inayomdai mwenye kuona kabla ya kumdai mwenye kuonwa.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mlinzi wa mtaa alikuwa mtu: askari wa usiku mwenye rungu, tochi na koti zito. Baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013, serikali ya Kenya ilianzisha mradi wa kamera katika barabara za Nairobi na Mombasa, na macho ya mitambo yakawa sehemu ya mji. Tangu hapo kamera zimeshuka bei na kushuka ngazi. Zimetoka kwenye benki na makutano ya barabara kuu zikafika kwenye kioski, kwenye nyumba za kupangisha na kwenye malango ya watu binafsi.

Aghalabu kamera ya aina hii haiishii kwenye mlango wa mwenyewe. Huona pia lango la jirani, kibanda cha mama mboga, kijiwe cha bodaboda na kila apitaye. Mwenye kamera akiulizwa hujibu kwa mambo mawili. Kwanza, barabara ni ya umma, na cha umma hakina mwenyewe. Pili, wahenga walikwisha sema: macho hayana pazia. Majibu haya yana uzito na hayafai kupuuzwa, hasa na mtu ambaye hajawahi kuibiwa. Tutayapima moja baada ya jingine, tukianza na maneno yenyewe.

2.0 Siri, Faragha na Stara

Maneno haya matatu yametoka katika Kiarabu, na katika mazungumzo ya kila siku hukaribiana hata yakadhaniwa kuwa visawe. Sivyo.

Siri ni jambo. Mtu huwa nayo, huitunza, huitoa au huivujisha. Mapishi ya mama yanaweza kuwa siri, na deni pia. Jambo likishajulikana na wengi, siri imekwisha.

Faragha ni hali au mahali. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa tupu au kuwa na wasaa. Watu wawili huenda faraghani, yaani mahali pasipo na wengine. Kwa maana hii ya msingi, barabarani hapana faragha, kwa kuwa barabarani daima pana wengine. Ndiyo sababu mwenye kamera hushinda mjadala upesi unapoendeshwa kwa neno hili peke yake.

Stara (au sitara) ina tabia tofauti. Mzizi wake una maana ya kufunika. Nguo ni stara, ukuta ni stara, na pazia pia. Hata hivyo, tofauti kubwa imo katika kitenzi chake. Mtu hujisitiri, lakini pia humsitiri mwenzake. Ukimwona mtu ameanguka matopeni ukageuza uso hadi ainuke, umemsitiri. Ukijua kwamba jirani hakupika jana, ukampelekea chakula bila kumtangaza, umemsitiri. Hapa jambo limekwisha kuonekana, na wala mtu hakuwa faraghani, ila stara bado inawezekana. Inategemea aliyeona atafanya nini na alichokiona.

Kwa muhtasari, siri humhusu mwenye jambo, faragha humhusu aliyejitenga, nayo stara huwahusu wawili: aonwaye na aonaye. Kwa hiyo stara haikomei mlangoni. Hutoka nje na kumfuata mtu njiani.

3.0 Mjengo, Baraza na Hodi

Anayetaka kuiona dhana hii katika umbo la mawe na atazame Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta za nje za nyumba kubwa za mawe zina madirisha machache kuelekea njiani, na mwanga na hewa huingia kupitia uwanja wa ndani. Mlangoni pana daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe, ambapo mgeni hukaribishwa kabla ya kuingizwa ndani zaidi. Aidha pana wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ambacho kiliwawezesha wanawake kutembeleana bila ya kushuka barabarani.

Isidhaniwe kwamba huu ulikuwa mji wa watu waliojificha. Nje ya nyumba hizohizo pana baraza, na barazani wazee hukaa, huona wapitao, huamkia na kuamkiwa. Kuonwa lilikuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, aliyekaa barazani alionekana pia. Mpita njia alijua nani anamtazama, akamsalimu kwa jina, na kama hakupenda kutazamwa aliweza kupitia kichochoro kingine.

Mpaka kati ya njia na nyumba ulilindwa na neno moja: hodi. Kwa adabu iliyokita katika mafundisho ya Kiislamu, mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa huondoka. Hodi na karibu ni jozi ya mazungumzo ambayo kila mwanafunzi wa isimujamii anaijua. Anayeomba hutaja kuwapo kwake, na anayeombwa ana uhuru wa kunyamaza. Kamera inayofikia lango la jirani haipigi hodi, na jirani hapewi nafasi ya kunyamaza.

Ni haki kuongeza angalizo hapa. Stara ya jadi haikugawa mizigo kwa usawa. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama anamwasa bintiye namna ya kupita njiani, akimtaka ainamishe macho na kuwa na haya. Mhakiki wa leo ana haki ya kuuliza kwa nini mzigo huo aliachiwa zaidi mwanamke. Jibu letu si kuitupa stara, bali kuirudisha kwa mwenye jicho, awe nani awaye. Kama binti aliagizwa kuyatawala macho yake njiani, mwenye kamera ataachwaje huru?

4.0 Methali na Mipaka Yake

Turudi kwenye methali inayotegemewa na watetezi. Macho hayana pazia husemwa kumwondolea mtu lawama kwa kuona kilichokuwa mbele yake. Methali hii ni ya kweli, lakini ukweli wake unasimama juu ya nguzo tatu zisizotajwa.

Ya kwanza ni kusahau. Jicho la mtu huona mengi na kuhifadhi machache. Anayekaa dirishani hawezi kuapa ni saa ngapi na dakika ngapi jirani alirudi Jumanne iliyopita. Kamera yaweza.

Ya pili ni kuonana. Mwenye macho ana uso, na anayetazama sana huonwa akitazama, akaona haya. Kamera haina haya, na mwenyewe aweza kuwa amelala, yuko kazini au yuko nchi nyingine.

Ya tatu ni kwamba alichokiona jicho hakihamishiki. Shahidi husimulia, na msikilizaji huamini au hukataa. Picha hutumwa kwa kidole kimoja kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, na kila mpokeaji anakuwa shahidi wa jambo asilojua chanzo wala mwisho wake.

Kiswahili chenyewe kimetenga vitenzi kwa ajili ya tofauti hizi. Kuona hakuna kosa, maana hutokea. Kutazama kuna nia. Kuchungulia ni kutazama kwa kujificha, na kupeleleza ni kufuatilia kwa lengo. Methali inamtetea anayeona. Haikutungwa kumtetea anayechungulia usiku na mchana bila kupumzika.

5.0 Sheria Inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na kutofichuliwa bila sababu kwa habari za familia au mambo binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilifuata, nayo inataka habari za mtu zikusanywe kwa lengo maalumu na halali, zisizidi zinazohitajika, na zisihifadhiwe kupita muda wa haja. Inampa pia mhusika haki ya kuarifiwa. Hata hivyo, sheria hiyo imeweka nafuu kwa mtu anayeshughulikia habari katika shughuli zilizo za binafsi au za nyumbani tu. Je, kamera inayotazama njia ya wote ni shughuli ya nyumbani?

Swali kama hili liliwahi kufika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mkazi mmoja wa Jamhuri ya Czech, ambaye madirisha ya nyumba yake yalikuwa yamevunjwa, alitundika kamera chini ya paa. Ilirekodi mlango wake, njia ya umma na mlango wa nyumba iliyomkabili. Picha zilisaidia kuwatambua washukiwa wawili. Mnamo Desemba 2014, mahakama iliamua kwamba kamera inayofikia njia ya umma, hata kwa sehemu, haiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani tu. Papo hapo ilitambua kwamba haja ya mtu kulinda mali, afya na uhai wake na wa familia yake ni haja halali inayopaswa kuzingatiwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, ila unaonyesha kwamba tunaweza kumhurumia aliyeibiwa bila ya kumkabidhi njia nzima.

6.0 Kisa cha Mwandishi

Mwandishi wa makala haya si mtazamaji wa mbali. Katika mtaa anamoishi, mzee mmoja mstaafu, ambaye vijana humwita Mwalimu, aliweka kamera inayotazama lango la nyumba yetu ya kupanga. Mwandishi alinung'unika sana, ingawa hakuthubutu kumwambia. Baada ya miezi michache chumba chake kilivunjwa, na tarakilishi iliyokuwa na rasimu ya tasnifu ikaibwa. Asubuhi hiyo alikuwa wa kwanza kupiga hodi kwa Mwalimu.

"Kaa hapo, kijana wangu," mzee alisema akivuta kiti. "Tazama mwenyewe. Mimi macho yangu yamechoka."

Mwandishi alitazama rekodi za siku mbili. Mwizi hakuonekana, kwani alipitia nyuma. Vilivyoonekana ni vingine: saa watu walizotoka na kurudi, waliokuja kumwona nani, na tukio moja la usiku lililomhusu jirani ambaye hakujua kwamba ana shahidi. Tukio hilo halitasimuliwa hapa, kwa kuwa kulisimulia kungekuwa kutenda kosa lilelile linalojadiliwa. Itoshe kusema kwamba tangu siku hiyo mwandishi hawezi kumsalimu jirani huyo kama zamani. Jirani amepoteza kitu ambacho hajui amekipoteza, na aliyekichukua si mwizi wa tarakilishi.

Baadaye mwandishi alimweleza Mwalimu jambo hilo, bila ya kutaja nani. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tuigeuze, itazame mlango wangu." Aliigeuza siku ileile. Rasimu ya tasnifu haikupatikana.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba hoja ya barabara ni ya umma inalijibu neno faragha lakini hailijibu neno stara. Tumeona pia kwamba methali inayotajwa kuitetea kamera inamtetea mwanadamu mwenye kusahau na mwenye haya. Hatudai kamera zing'olewe, kwani mwenye kuvunjiwa hafarijiki kwa methali. Tunadai kwamba anayeweka kamera aielekeze kwake, aweke ilani ili apitaye ajue, afute yasiyohitajika, na asiipeleke picha ya mtu mahali ambapo yeye mwenyewe asingependa yake ifike.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pana kazi nyingine. Sheria za faragha zinapotafsiriwa na kufundishwa kwa Kiswahili, neno stara lisiachwe mlangoni likidhaniwa ni la nguo na ndoa tu. Faragha humpa mtu haki ya kudai, nayo stara humkumbusha jirani wajibu wake hata pale ambapo hakuna aliyedai.